Mvua ya Unguja katika Daftari la Simla

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakati Sayyid Ali bin Hamoud alipokuwa juu ya kiti cha Unguja chini ya himaya ya Waingereza, kiasi cha mvua iliyonyesha katika miezi ya Aprili na Mei kilikuwa kikipimwa, kikiandikwa, kikivushwa bahari na kupandishwa milima hata kufika Simla, mji wa makao ya kiangazi ya serikali ya Bara Hindi, na huko makarani wa Kihindi wakakitia katika hesabu ambayo haikuwa na haja hata kidogo na mikarafuu wala mpunga wa Unguja. Haja yao ilikuwa kujua, mwezi wa Juni ungali mchanga, kama mvua ya pepo za kusi-magharibi itawatosha wakulima wa Gujarati, Dekani na Punjab, au kama mwaka ule utakuwa mwaka wa kuchimba makaburi. Hivyo masika yetu, ambayo sisi tuliyajua kwa matope ya njiani na kwa mbu, yalikuwa yamekwisha kuingizwa katika elimu kubwa kuliko kisiwa, wala hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Kisa hicho kinastahili kuelezwa kwa marefu, kwa sababu ndani yake mna asili ya mengi tunayoyasikia siku hizi redioni juu ya Elinino na juu ya joto la bahari.

Si kwamba watu wa bahari hii walikuwa wakingoja mgeni aje awafundishe mwendo wa pepo. Al-Masudi wa Baghdad, ambaye safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Omani ilikuwa katika mwaka 304 wa Hijra, sawa na 916 au 917 ya Miladi, aliwakuta manahodha wa Siraf na wa Omani wakiipita bahari ya Zanj kwa mazoea, ingawa yeye mwenyewe alikiri kwamba katika bahari nyingi alizozipanda hakuona iliyo na khatari kuishinda hiyo. Karibu karne sita baadaye Ahmad bin Majid wa Julfar, mwalimu wa mabaharia, aliyetunga kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari karibu na mwaka 1490, alizitaja siku za kutweka kwa kila bandari akihesabu tangu Nairuzi, siku ya kufungua mwaka wa jua. Na Waswahili nao walikuwa na mwaka wao wa jua, wenye miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za kukamilishia, ambao Makunduchi hata leo huufungua kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, husogea polepole ukaachana na majira, na wazee walilijua hilo wakalirekebisha kwa macho na kwa kumbukumbu. Kaskazi, uanzao kushika mwishoni mwa Novemba au Desemba, uliwaletea vyombo vya Arabuni, vya Ghuba na vya Kachi. Kusi, uingiao Aprili, uliwarudisha wenyewe kwao. Kati ya hizo mbili palikuwa na tanga mbili, wakati usio na yakini. Na kusi ulipolegea, ikaja demani, ambayo nahodha mwenye busara aliingojea kuliko kwenda kupambana na ghadhabu ya Juni na Julai katika mwambao wa Malabari, ambako bandari zilikuwa zikifungwa kabisa.

Elimu hiyo, pamoja na utukufu wake wote, ilikuwa elimu ya upepo. Kusi haujapata kukosa kuvuma. Utawahi wiki mbili au utachelewa wiki mbili, utakuwa mkali au mpole, lakini utakuja. Ilhali mvua inayofuatana nao haikufunga ahadi na mtu, kwani mwaka mmoja upepo ule ule hufika Bara Hindi umebeba maji ya kufurikisha mito, na mwaka wa pili huvuma juu ya mashamba yaliyokauka kama kwamba haukupita baharini. Nahodha alitaka kujua siku, akaipata kwa Nairuzi na kwa nyota. Mkulima alitaka kujua kiasi, na kwa hilo hapakuwa na rubani.

Wataalamu wa Ulaya nao walianza na upepo. Edmond Halley wa Uingereza, yule yule ambaye nyota yenye mkia hutajwa kwa jina lake, alichora katika mwaka 1686 ramani ya pepo za bahari za joto, na akasema kwamba chanzo cha pepo zigeukazo kwa majira ni jua kuipasha nchi kavu upesi kuliko bahari, hewa ya bara ikapanda na ile ya baharini ikaingia mahali pake. Na katika 1735 George Hadley akaongeza habari ya mzunguko wa dunia, unaozipotosha pepo hizo zisiende moja kwa moja. Maelezo hayo, ingawa yamepata marekebisho mengi, hayajaanguka. Lakini yanaeleza kwa nini upepo huja kila mwaka, na jua huipasha nchi ya Bara Hindi kila mwaka. Basi kwa nini mvua isiwe sawa kila mwaka?

Swali hilo lingeweza kubaki la wanazuoni lau si njaa. Robo tatu hivi ya mvua yote ya mwaka ya Bara Hindi huanguka kati ya Juni na Septemba, na mwaka ambao mvua hiyo hupungua kwa asilimia 10 tu huhesabiwa kuwa mwaka wa ukame. Serikali ya Waingereza ilianzisha idara ya hali ya hewa mwaka 1875, ikamweka Henry Blanford kuwa mkuu wake, naye hakuwahi hata kupanga vyombo vyake vizuri kabla ya mvua za 1876 kukosekana Madrasi, Mysore na Dekani, na za 1877 kufuata mwendo huo huo. Waliokufa mpaka 1878 hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 5. Ni haki kusema hapa kwamba ukame peke yake haukuua watu wote hao. Katika miaka hiyo hiyo nafaka ilikuwa ikipakiwa melini kwenda Uingereza, na serikali ya Bara Hindi chini ya Lord Lytton iliogopa kuingilia soko kuliko ilivyoogopa maiti. Hata hivyo serikali iliyojua kwamba mvua ingekosekana isingeweza kusingizia kwamba imeshitukizwa, na kwa sababu hiyo, au kwa kodi iliyopotea, Blanford aliamriwa atafute njia ya kutabiri.

Yeye aliitazama theluji ya Himalaya. Akiona ya kwamba theluji nyingi ya majira ya baridi, hasa iliyochelewa kuyeyuka, huifanya bara isipate joto upesi na kuzileta pepo kavu za kaskazini-magharibi, aliandika matokeo yake mwaka 1884, na Juni 1886 idara yake ikatoa utabiri wa kwanza wa kawaida wa mvua ya msimu mzima, utabiri wa kwanza wa namna hiyo uliotolewa na serikali duniani. Jambo kubwa zaidi aliloliona, walakini, ni lile ambalo yeye mwenyewe hakulipatia tafsiri: kwamba katika mwaka wa njaa, 1877, mgandamizo wa hewa ulikuwa umepanda kupita kawaida si Bara Hindi tu, bali tangu Siberia mpaka Australia. Katika 1888 Charles Todd, mkuu wa simu na falaki wa Australia ya Kusini, alipolinganisha madaftari yake na ya Bara Hindi akaona kwamba ukame wa nchi hizo mbili, zilizo mbali hivyo na zenye majira yaliyopindukana, aghalabu huja pamoja. Mto Naili nao ulikuwa umeshuka vibaya katika 1877. Kumbe palikuwa na kitu kimoja kikubwa mno, kinachoshika nusu ya dunia, na kila nchi ilikuwa ikikiona ukingo wake tu na kudhani kwamba ni msiba wa kwao peke yao.

John Eliot, aliyemrithi Blanford mwaka 1889, alikusanya kila khabari iliyopatikana. Katika zama zake bahari yetu ikawa imefungwa kwa nyaya: waya wa simu wa chini ya bahari ulikuwa umekwisha fika Unguja kutoka Aden mwaka 1879 na kuendelea kusini, na katika 1893 ukaongezwa mwingine uliotoka Unguja kwenda Shelisheli na Mauritius, hata kisiwa kilichokuwa njia panda ya majahazi kikawa njia panda ya khabari za hewa pia. Utabiri wa Eliot ulirefuka mwaka hata mwaka, ukawa kitabu chenye kurasa nyingi, na mwaka 1899 akatangaza mvua itakayozidi kawaida. Ikakosekana kama ambavyo haijapata kukosekana kwa miaka mingi, ikaja njaa ya pili kubwa. Magazeti yalimshambulia, na serikali, badala ya kuacha kutabiri, ikaona afadhali kuufanya utabiri kuwa siri yake kwa miaka kadhaa. Katika miaka hiyo hiyo Ukambani na Ugikuyu watu walikuwa wakifa kwa ukame, reli ya Uganda ikipita katikati yao. Lakini huko hakukuwa na idara ya hewa ya kulaumiwa.

Ndipo akaja Gilbert Walker. Mtu huyu, aliyezaliwa Rochdale mwaka 1868 na kusomea Cambridge, ambako katika mtihani wa hisabati wa 1889 aliwashinda wenziwe wote, hakuwa mtaalamu wa hewa. Sifa yake ilikuwa kuzichunguza kwa hesabu zile fimbo za wenyeji wa Australia zinazorushwa zikarudi kwa mrushaji, hata chuoni kwake wakambandika jina la fimbo hizo. Aliposhika uongozi wa idara ya Simla mwaka 1904 alikuwa na jambo moja ambalo watangulizi wake hawakuwa nalo, nalo ni kujua kwamba hajui. Nadharia zote zilizokuwapo za kueleza mvua aliziweka kando, si kwa dharau, ila kwa kuwa kila moja ilieleza vizuri mwaka uliopita na kushindwa mwaka uliofuata, akaamua kwamba kwanza hesabu iseme ni kitu gani hufuatana na kitu gani, na sababu itafutwe baadaye.

Njia yake si ngumu kuifahamu. Huchukuliwa mvua ya Bara Hindi ya miaka mingi, ikawekwa sambamba na jambo jingine la miaka hiyo hiyo, mathalan mgandamizo wa hewa wa Mauritius katika mwezi wa Mei, ikatazamwa kama viwili hivyo hupanda na kushuka pamoja. Vikienda pamoja kabisa jibu huwa 1, visipojuana huwa sufuri, na kimoja kikipanda kila mwenzake ashukapo, huwa 1 ya kutoa. Hesabu moja ya namna hiyo ni kazi ya saa nyingi kwa mtu mwenye kalamu na karatasi. Walker aliagiza mamia kwa mamia: mafuriko ya Naili, theluji ya milimani, joto la visiwa vya Pasifiki, mgandamizo wa Ajentina na Chile, madoa ya jua ambayo wakati huo wengi waliamini kwamba ndiyo yatawalayo mvua, naye akayakuta hayana nguvu kubwa yaliyodhaniwa kuwa nayo. Makarani wa Kihindi ndio walioketi wakazichambua, na katika Vita vya Kwanza, maofisa walipokwenda vitani, kazi iliwalemea wao zaidi. Majina yao mengi hayakupata nafasi kwenye majalada ya vitabu vya idara, nami naona kwamba anayemsifu Walker bila ya kuwakumbuka watu hao amesifu nusu ya kazi.

Kutoka katika rundo hilo la hesabu alitoa, kufikia mwaka 1910, kanuni yenye mambo manne tu: theluji iliyosalia Himalaya mwishoni mwa Mei, mgandamizo wa Mauritius, mgandamizo wa Amerika ya Kusini, na mvua ya Unguja ya Aprili na Mei. Mauritius, theluji na Unguja vilitiwa alama ya kutoa, yaani vikizidi, mvua ya Bara Hindi itarajiwe kupungua. Amerika ya Kusini peke yake ikawa ya kujumlisha. Uzito wa Unguja ulikuwa mdogo kuliko zote, lakini ulikuwamo. Dhana iliyouweka hapo ni hii, kwamba masika yakiwa mazito mno karibu na ikweta, ni dalili kuwa hewa ya kusi inapandia hapo hapo na kumwaga maji yake kwetu, haivuki kwa nguvu kwenda kaskazini. Kwa lugha ya mitaani, mvua iliyotulowesha sisi imetolewa katika fungu la Mhindi. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba wali wa Unguja wenyewe ulikuwa kwa sehemu kubwa wa mchele wa Bara Hindi na Burma, kwa hiyo mwenye duka la Darajani aliyefurahia kuona mitaro imefurika mwezi wa Mei angepaswa, kwa mujibu wa daftari la Simla, kuanza kuhofia bei ya gunia la mwaka ujao.

Je, kanuni ilifaulu? Ilipata miaka, ikakosa miaka, na kadiri ilivyozeeka baadhi ya vitu vilivyokuwa vikifuatana viliachana, theluji ikiwa mojawapo, na masika ya Unguja yakapoteza cheo chake. Kwa kipimo cha kazi aliyotumwa, yaani kumwambia mkulima wa Dekani apande au asipande, Walker alishindwa, wala hakuficha kwamba utabiri wake ulikuwa na thamani katika miaka ile tu ambayo dalili zote zilielekea upande mmoja. Lakini katika kuchambua yale majedwali aliona mambo matatu makubwa, na katika maandiko ya 1923 na 1924 akayapa majina: pembea ya mgandamizo ya Atlantiki ya Kaskazini, ile ya Pasifiki ya Kaskazini, na iliyo kubwa kuliko zote, ambayo aliiita ya Kusini. Katika hii ya Kusini, mgandamizo ukiwa juu katika Pasifiki ya mashariki huwa chini katika Bahari ya Hindi, kuanzia mwambao wa Afrika mpaka Australia, na ukigeuka upande mmoja hugeuka na wa pili. Hicho ndicho kile kitu kimoja ambacho Blanford na Todd walikiona ukingo wake. Walker alirudi Uingereza mwaka 1924 akapewa cheo na kiti cha ualimu London, na wenziwe wengi wakakipokea alichokigundua kwa heshima baridi, kwa sababu hakuweza kuwaambia nini kinaipembeza pembea hiyo. Alifariki mwaka 1958 bila ya kulijua jibu.

Jibu lilikuwa baharini. Wavuvi wa Peru walikuwa wakijua tangu zamani kwamba katika baadhi ya miaka, karibu na Krismasi, maji ya joto hufika mwambao wao ulio baridi na samaki wakatoweka, nao wakayapa maji hayo jina la Elinino, yaani Mtoto Yesu. Jacob Bjerknes, Mnorwe aliyehamia Kalifornia, alitumia vipimo vya miaka ya 1957 na 1958, ambapo mataifa mengi yalishirikiana kuipima dunia, na ilitokea kwamba ndio wakati wa Elinino kubwa. Na mwaka 1969 akaonyesha kuwa maji yale ya Peru na ile pembea ya Walker ni jambo moja. Katika hali ya kawaida maji ya joto hurundikana magharibi ya Pasifiki, kuzunguka Indonesia, na juu yake hewa hupanda na kumwaga mvua, kisha husafiri juu angani kwenda mashariki na kushuka Peru ikiwa kavu. Elinino inapokuja, joto husogea mashariki, mpando wa hewa ukalifuata, na Indonesia, na aghalabu Bara Hindi, zikabaki chini ya hewa inayoshuka. Na hewa inayoshuka haizai wingu. Bjerknes, kwa adabu ya mwanachuoni, aliuita mzunguko huo kwa jina la Walker.

Mwaka huo huo wa 1969, na huku kwetu, mtaalamu mmoja wa hewa aliyefanya kazi Kenya, J. Findlater, alitangaza jambo ambalo manahodha wangalilipenda. Akizikusanya khabari za vibofu vilivyorushwa angani, aliona kwamba wakati wa kusi kuna mto wa hewa, mwembamba na wenye kasi ya kutisha, upitao kiasi cha kilomita moja au moja na nusu juu ya ardhi, ukivuka ikweta kando ya nyanda za juu za Kenya, ukapita Somalia na kuigeukia Bahari ya Arabuni mpaka ukaingia Bara Hindi. Na kwamba nguvu za mto huo huku zina uhusiano na mvua ya magharibi ya Bara Hindi. Kusi uliojaza matanga ya mabagala ni sakafu ya mto huo. Basi Simla haikukosea kuielekezea macho pwani ya Afrika. Ilitazama ndoo ya mvua, ilhali kilichokuwa na maana zaidi kilikuwa kikipita juu ya ndoo.

Na sisi wenyewe je? Hapa kisa hugeuka, kwani elimu iliyotafutwa kwa ajili ya Bara Hindi ilikuja kutufaa sisi kwa namna ambayo hakuna aliyeikusudia. Mwezi wa Oktoba 1961 vuli ilianza kunyesha Afrika ya Mashariki na haikujua kukoma. Mito ilivunja kingo, chakula kikapelekwa kwa ndege katika sehemu za Kenya, Tanganyika ikapokea uhuru wake tarehe 9 Desemba katikati ya mvua hizo, na Ziwa Viktoria likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Wataalamu walipotazama Pasifiki hawakuona Elinino yoyote ya kutajika. Na Bara Hindi, mwaka ule ule, ilikuwa imepata mvua njema kabisa. Halafu ikaja 1997. Elinino ilikuwa kubwa mno, walimwengu wakaitabiria Bara Hindi ukame, nayo ikapata mvua ya kawaida, asilimia 2 juu ya wastani. Lakini vuli yetu ilivunja madaraja, ikaikata barabara ya Mombasa na Nairobi, ikaleta homa ya Bonde la Ufa kwa mifugo na watu wa Garisa na Somalia ya kusini. Tangu hapo kila mvua kubwa mtaani huitwa Elinino, hata ambayo haina nasaba nayo.

Ufumbuzi ulitolewa mwaka 1999 na Saji, Goswami, Vinayachandran na Yamagata, na wengine pamoja na Peter Webster katika mwaka huo huo: kwamba Bahari ya Hindi nayo ina pembea yake. Kwa kawaida upande wake wa mashariki, penye Sumatra, ndio wenye joto zaidi, hewa hupandia huko na kushukia kwetu, na ndiyo maana pwani yetu, ingawa imekaa karibu na ikweta, haina mvua ya Kongo wala ya Malaya. Katika baadhi ya miaka maji ya Sumatra hupoa na yetu yakapata joto, mzunguko ukageuka, na kuanzia Oktoba mpaka Desemba mawingu yaliyostahili kuwa Indonesia hunyesha Lamu, Tanga na Unguja. Ndivyo ilivyokuwa 1961, ndivyo 1997 ambapo pembea hii na Elinino zilishikana mikono, na ndivyo tena 2019, mwaka ambao Bara Hindi ilipata asilimia 10 zaidi ya wastani wake na Afrika ya Mashariki ikafurika. Pembea hiyo inapokuwa upande wetu, humwokoa Mhindi mara nyingine na madhara ya Elinino, na bili ya wokovu huo hulipwa katika vuli ya Waswahili.

Masika ni habari nyingine, na huu ndio ukweli usiosemwa vya kutosha. Mvua ya Machi hadi Mei, iliyo kubwa kwetu na ambayo Walker aliichagua, haifuati pembea hizo kwa utiifu. Huchochewa zaidi na mawimbi ya mawingu yanayozunguka dunia kwa siku 30 mpaka 60, ambayo Madden na Julian waliyatambua mwaka 1971, na hayo hayawezi kujulikana miezi mitatu kabla. Charles Normand, aliyekuwa mkuu wa idara ile ile ya Bara Hindi, alisema mwaka 1953 kwamba mvua ya nchi yake inafaa zaidi kutabiria mambo yatakayokuja kwingineko kuliko kutabiriwa yenyewe. Basi fikiri mpango huo wa ajabu: kwa miaka walihangaika kuifanya mvua ya Unguja ya Mei kuwa mwalimu wa Juni ya Dekani, na kumbe kinachojulisha mambo kwa urahisi zaidi ni bahari ya Agosti na Septemba, na anayejulishwa ni mkulima wa Pemba angojaye vuli.

Afrika ya Mashariki ilipata idara yake ya hewa mwaka 1929, mkuu wake akiwa Albert Walter, aliyeletwa kutoka Mauritius, na ikazihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja kutoka Nairobi. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake hukutana kabla ya kila msimu wakatoa kauli moja juu ya mvua itarajiwayo. Kauli yao ya vuli inastahili kusikilizwa na kila mwenye shamba, mwenye ng'ombe na mwenye kujenga bondeni. Ile ya masika iandamane na tahadhari, kwa sababu nilizozitaja.

Lakini wataalamu hao, kama Walker, hawana pa kusimama ila juu ya madaftari ya zamani, na madaftari ya mwambao huu yameliwa na mchwa, yamefungiwa karanga, na mengine yangali masandukuni mwa watu wasiojua ni kitu gani. Yeyote aliye na daftari kuukuu la mvua, liwe la shamba la karafuu, la misheni, la bandari au la skuli, nalipeleke Nyaraka za Taifa, Zanzibar au kokote aliko, kabla ya masika mengine hayajaliharibu.